Haki Kabla ya Hesabu
Katika miji ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako Uislamu uliingia katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip, faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi kwa mafungu yaliyowekwa na sheria, inaweza kudhaniwa kuwa hesabu tupu. Lakini mwanamke akifa na warithi wake wakawa mume na dada wawili tu wa baba na mama mmoja, mume hustahili 1/2 na dada 2/3, jumla 7/6, ambayo inapita mali yenyewe. Kwa mujibu wa mapokeo, khalifa Umar (634–644) aliona upungufu umguse kila mrithi kwa kadiri ya fungu lake, kama wadai ambao mali ya mdeni haiwatoshi. Awli, yaani kupandisha asili ya sehemu kutoka 6 hadi 7 ili mume apate 3/7 na dada 4/7, iliipa fikra hiyo umbo la hesabu. Sahaba Ibn Abbas, aliyeipinga awli baadaye, hakubishana na kujumlisha (nani angeweza?), bali na hisi ya haki iliyotangulia, kwa kuwa kwake baadhi ya warithi walistahili kutangulizwa na upungufu uwaangukie wengine.