Njaa Isiyo na Nia

Saumu husimama juu ya mambo mawili, nia ya mfungaji na wakati unaojulikana wa kufungua, na likikosekana mojawapo kinachobaki ni njaa tu. Tofauti hiyo husahaulika upesi katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mwanamke anayelipwa kwa kilo huchuma majani mawili na chipukizi tangu asubuhi na mapema hadi saa ya mizani, akiupitisha mchana kwa kikombe cha chai yenye sukari, na kwa hilo husifiwa kuwa mama wa kujinyima.

Mwili wake una maelezo mengine. Hofu ya ghafla humwaga adrenalini, homoni inayouharakisha moyo na kupunguza kazi ya tumbo, hivyo hamu ya chakula hukatika. Lakini wasiwasi unaodumu, kama ule wa karo, au wa mashine za kuchuma, ambazo baadhi yake zilichomwa na waandamanaji Kericho mwezi Mei 2023, huzidisha kortisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo huweza kuiamsha hamu hiyo, hasa ya vitu vitamu na vya mafuta. Ndiyo maana mtu yuleyule huweza kuukosa mlo wa mchana bila kuhisi njaa, kisha usiku akala kimyet, yaani ugali kwa lugha ya Wakipsigis, kupita kawaida yake, akajilaumu kwa ulafi. Sifa ya mchana na lawama ya usiku zote zinamhesabia utashi ambao hakuutumia.

Hamu inayokatwa na uchungu imo hata katika Biblia. Wahubiri humkumbuka Hana, mamaye Samweli, kwa nadhiri yake, na ni nadra wakawie kwenye mlo wake. Fungu lake la chakula alikuwa amekwisha kupewa na mumewe Elkana, asiweze kulila kwa machozi. Alikula baadaye, kabla hajachukua mimba, alipokwisha kumimina uchungu wake na kuhani Eli, ambaye kwanza alimdhania mlevi, kumwambia aende kwa amani. Kwa nabii Eliya, aliyetamani kufa jangwani, mpango ulikuwa kinyume: alilishwa mara mbili, akalala katikati, na swali la Mungu, kwamba anafanya nini hapo, likaja baadaye sana. Mchumaji wa chai, saa saba mchana, yuko karibu zaidi na Eliya: chakula kwanza, maswali baadaye. Jikoni usiku, watoto wakishalala, yuko karibu na Hana: kwanza asikilizwe uchungu wake.