Yai Ndani ya Rejeta

Gari kuukuu likipungua maji ya rejeta kila asubuhi, swali la kwanza ni la fundi: yanakwenda wapi? Injini ikiwa baridi, hufunga pampu ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akasukuma upepo mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha akangoja. Mshale ukishuka, maji yana njia. Huenda ni mpira uliochanika chini ya klipu, au pampu ya maji, ambayo huacha ukoko chini ya kitundu chake. Nje kukiwa kukavu na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, inayoshukiwa ni gasketi ya silinda hedi.

Swali la pili ni la dhamiri. Mwenye gari anavunja yai ndani ya rejeta. Ute unaiva, unaziba ufa kwa muda, gari linauzwa. Je, amekosa, ikiwa mnunuzi hakuuliza?

Amekosa. Ufa uliozibwa hauonekani, na mtu hawezi kuuliza asichokiona.

Hadithi iliyomo katika Sahih Muslim inasimulia jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema kimenyeshewa mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu, watu wakakiona. Sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye ila iliyofichwa.

Basi mwenye gari asingoje kuulizwa: afunue boneti, aoneshe ufa, ataje gharama ya kuutengeneza, ndipo wapatane bei.