Mheshimiwa Waziri, Nani Atajibu?

Tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Ireland kupokea fedha ambazo ilikuwa imepigana miaka minane isizipokee. Zilikuwa euro bilioni 13, kodi ambayo Apple haikulipa kutokana na unafuu iliopewa na Dublin yenyewe. Katika kesi yote hiyo serikali ilisimama upande wa kampuni, ikidai kwamba haidai. Kwetu, ambako mtu wa kodi humfuata muuza mitumba hadi uchochoroni, habari kama hii inaweza kuchukuliwa kuwa utani.

Haikuwa utani, wala wazimu. Apple ilifika Cork mwaka 1980, Intel ikaja Leixlip mwaka 1989, Google ikafungua Dublin mwaka 2003, Facebook mwaka 2008. Nchi ya watu milioni tano na ushei, ambayo kwa vizazi ilikuwa ikiwasindikiza vijana wake kwenye meli za kwenda Uingereza na Marekani, ikawa mahali ambapo Wamarekani wenyewe wanakuja kuweka makao yao ya Ulaya. Leo kampuni kumi tu hulipa zaidi ya nusu ya kodi yote ya makampuni inayokusanywa huko. Mgeni anayelipa pango la nyumba nzima humuulizi amerudi saa ngapi.

Miezi minne baada ya hukumu ile, Januari 2025, serikali mpya ya Dublin ilimteua Niamh Smyth, mbunge wa Cavan-Monaghan, kushughulikia akili mnemba. Kwetu cheo chake kingekuwa naibu waziri. Aliwekwa katika wizara inayosimamia makampuni, biashara na ajira, na majukumu yake yalitajwa matatu: kukuza biashara ya nje, akili mnemba, na mageuzi ya kidijitali. Orodha hiyo inataka kusomwa mara mbili. Anayepanda ndege kwenda kunadi kampuni za nchi yake ndiye huyohuyo anayebeba sera ya teknolojia ambayo wananchi wanataka idhibitiwe.

Sisemi hivyo kumlaumu. Ninachoona ni kwamba nchi ikishaamua akili mnemba ikae wizara gani, inakuwa imeshakiri inadhani kitu hicho ni nini. Falme za Kiarabu zilimteua Omar Al Olama mnamo Oktoba 2017, akiwa na miaka 27, akawa waziri wa kwanza duniani wa akili mnemba. Pale ilikuwa ni mradi wa dola, kama vile minara na safari za anga. Rwanda, iliyopitisha sera yake mwaka 2023, imeikabidhi wizara ya teknolojia ya habari na ubunifu. Kanada iliiundia waziri wake, Evan Solomon, Mei 2025. Ireland imeiita biashara. Katika hizo nne hakuna iliyoipeleka kwa waziri wa sheria, na hakuna iliyoipeleka kwa waziri wa elimu, ingawa walimu na mahakimu ni miongoni mwa watu wa kwanza kuletewa karatasi zilizoandikwa na mashine.

Lakini waziri wa namna hii anafanya nini hasa? Haandiki programu, wala hana hata kompyuta moja ya kuendeshea mitambo hiyo. Sheria yenyewe ya akili mnemba, ya Umoja wa Ulaya, ilitungwa Brussels: ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na adhabu yake ya juu ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kote, yoyote iliyo kubwa zaidi. Kazi ya kuisimamia, Ireland iliigawa Septemba 2025 kwa mamlaka 15, kuanzia benki kuu hadi tume ya taarifa binafsi, na wizara ya biashara ikawa mratibu. Tume ile ya taarifa binafsi ina meno yake. Mei 2023 iliitoza Meta, mmiliki wa Facebook, faini ya euro bilioni 1.2, na Juni 2024 ombi lake lilitosha kuifanya kampuni hiyohiyo isitishe kwa karibu mwaka mzima mpango wa kufundishia mitambo yake kwa maandishi ya watumiaji wa Ulaya. Waziri hakuwa na mkono humo, na hakutakiwa kuwa nao, maana tume ni huru. Ukiondoa hayo yote, mbele ya waziri panabaki kipaza sauti.

Waalbania walijaribu kuondoa hata hicho. Septemba 2025 Waziri Mkuu Edi Rama alitangaza kwamba zabuni za serikali zitasimamiwa na waziri asiye binadamu, programu iitwayo Diella, iliyokuwa imeanza mwaka huohuo kama msaidizi wa wananchi kwenye tovuti ya huduma za serikali. Ilionyeshwa bungeni kwenye skrini, imevalishwa nguo za kienyeji za Zadrima, ikatoa hotuba huku wapinzani wakifanya fujo. Hoja ya Rama haikuwa ya kipuuzi. Programu haina shemeji. Haijengi ghorofa kwa jina la mtoto wake, haipokei bahasha, hailali njaa ikahongwa pilau. Kwa nchi iliyochoshwa na zabuni za kupeana, ni rahisi kuelewa ushawishi wake.

Kasoro yake ni kwamba haiwezi kuaibika. Ukiiambia imempa zabuni mtu mbaya, haibadiliki sura, haitafuti maneno, haiogopi kurudi jimboni. Na amri iliyoipa hadhi ile ilimtwika Rama mwenyewe jukumu la kuiunda na kuiendesha. Hata waliotaka waziri bila mtu walilazimika mwishowe kuandika jina la mtu.

Hapo ndipo ninapoona maana ya cheo hiki. Waziri ni mtu anayeweza kuulizwa hadharani akakosa jibu, na kukosa kwake kukawa na gharama. Utaalamu ataazima kwa washauri. Mitambo atanunua au atakodi. Aibu haiazimwi.

Anayefuatilia Bunge la Dodoma anajua jambo hili linavyokwenda. Asubuhi Spika anamwita mbunge, mbunge anasimama na kuomba swali lake, kwa namba yake, lipatiwe majibu. Naibu waziri anainuka: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Kisha anasoma karatasi iliyoandaliwa na wataalamu, yenye takwimu zake na ahadi kwamba serikali itatekeleza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mpaka hapo hata Diella angeweza. Yanayofuata ni maswali ya nyongeza, na hayamo kwenye karatasi. Utamwona anageuka nyuma kidogo, anapokea kipande cha karatasi kilichopitishwa mkono kwa mkono, anarekebisha miwani. Nairobi nako, tangu 2023, mawaziri ambao kwa Katiba ya 2010 si wabunge wamekuwa wakiitwa ukumbini kupitia tanuri hilohilo.

Utaniambia majibu mengi ni maji matupu. Kweli. Lakini yamo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge na jina la aliyeyasema, na mbunge mwenye subira anaweza kuyarudisha miaka mitatu baadaye yakiwa na tarehe.

Akili mnemba inalitia swali la nyongeza ugumu ambao wizara nyingine hazina. Daraja likianguka, waziri wa ujenzi atauliza wahandisi, nao watamwonyesha nguzo iliyopasuka. Mtambo uliofunzwa kwa mabilioni ya maneno ukimnyima mtu mkopo au ukimwekea alama ya mtu hatari, mara nyingi hata walioutengeneza hawawezi kukuonyesha nguzo. Wanajua ulivyofunzwa, lakini kwa nini umeamua hivi kwa mtu huyu, hawana jibu kamili. Kwa hiyo waziri mkweli akiulizwa "kwa nini mashine imeamua hivyo" atasema hajui, na atakuwa amesema kweli. Swali linalomkamata ni jingine: nani aliruhusu mashine iamue? Hilo lina jibu kila mara, na jibu lake ni mtu na saini yake. Ninashuku ndiyo sababu mikakati ya taifa inapenda zaidi kuzungumzia fursa.

Linabaki jambo la nani anayo haki ya kuuliza. Waziri wa Dublin anawajibika kwa wabunge 174, waliochaguliwa kutoka Donegal hadi Kerry. Mpiga kura wa Cavan anaweza kumtuma mbunge wake aulize kwa nini mwaka 2023 vituo vya data vilitumia asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa nchini, wakati nyumba zote za mijini zikiwekwa pamoja zilitumia asilimia 18. Atajibiwa, vizuri au vibaya. Mtu wa Mwanza au Eldoret hawezi. Na kuna wakati alikuwa karibu na Dublin kuliko alivyodhani: hadi mwaka 2018, Mwafrika aliyefungua ukurasa wa Facebook alikuwa anaingia mkataba na kampuni ya Ireland. Sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi ilipokaribia kuanza, Mei mwaka huo, Facebook iliwahamisha watumiaji wapatao bilioni moja na nusu wa Afrika, Asia, Australia na Amerika ya Kusini, ikawaweka chini ya sheria za Marekani. Hakuna aliyehamishwa kitanda, na wengi hawakujua. Haki ya kuuliza iliondoka kwa mstari mmoja wa masharti ambayo hakuna anayeyasoma.

Uzi huo ulirudi Nairobi. Mei 2022 kijana aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha kwa niaba ya Facebook, akiwa ameajiriwa na kampuni ya Sama, alifungua kesi dhidi ya Sama, Meta ya Marekani na Meta ya Ireland. Meta ilisema mahakama za Kenya hazina uwezo wa kuisikiliza kesi dhidi yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira ikasema inao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwezi uleule, kwa hiyo, majaji wa Ulaya walikuwa wakiilazimisha serikali moja idai kodi yake, na majaji wa Kenya wakimpa mfanyakazi nafasi ya kudai haki yake. Miezi mitatu baadaye Rais William Ruto alieleza hadharani kwamba sheria inabadilishwa ili kampuni za kazi za mtandaoni za aina hiyo zisiburutwe tena kortini. Ajira zinatakiwa, hilo nalielewa. Vijana wengi hawana kazi. Lakini ni msimamo uleule wa Dublin: serikali imesimama upande wa mgeni, ikimwambia mwenye nyumba anyamaze.

Kenya ilizindua mkakati wake wa akili mnemba Machi 2025. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume ya kuisimamia. Karatasi tunazo, na mawaziri hatutawakosa. Msomaji wa Tanzania, mbunge wako akipata swali la msingi anaruhusiwa pia maswali mawili ya nyongeza. Mpelekee haya: ni maamuzi gani ya serikali yanayofanywa leo na programu, nani aliyasainia, na mwananchi aliyeonewa na programu hiyo anakata rufaa kwa nani, ofisi gani, ndani ya siku ngapi? Mpelekee kabla ya Bunge la bajeti, na umwombe asikubali kujibiwa kwa maandishi.