Neno Nililolifuta

Alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, na karatasi mbili mkononi. Ni binti niliyemsomesha Kiswahili alipokuwa mdogo, naye sasa amekwisha pata shahada ya kwanza ya sayansi ya bahari na anaomba nafasi ya kuendelea na masomo Bremen, Ujerumani, mji wenye kituo cha utafiti wa bahari za kitropiki kilichoanzishwa mwaka 1991. Hakuja kuniomba fedha. Alikuja kuniuliza suala ambalo nimelibeba tangu siku ile, nami naona vyema nilitandike mbele ya wasomaji wa kurasa hizi, kwani ni suala la maneno, na maneno ndiyo mali yetu sisi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Maalim, hapa nimeandika kwamba nikimaliza masomo nitarudi Zanzibar kuwatumikia watu wangu, inshaallah. Wenzangu wananambia neno hili la mwisho nilitoe, maana wasomaji wa huko wataona sina uhakika na nafsi yangu. Nami nikilitoa, je, si nitakuwa nimeapa?"

Sikumjibu papo hapo. Sababu ya kunyamaza kwangu nitaieleza mbele, nayo ni aibu yangu mwenyewe.

Asiyewahi kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Ulaya huenda akadhani kuwa uzito wa jambo hili umo katika vyeti na fedha. Kwa hakika uzito huo upo. Vyeti lazima vithibitishwe, mtihani wa lugha ufanywe, na walimu wawili waandike barua za kumshuhudia muombaji. Asiye na mfadhili, akitaka viza ya Ujerumani, kwa kawaida hutakiwa aweke fedha katika akaunti iliyofungwa, awe akizitoa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Hesabu hiyo huwarudisha wengi nyumbani kabla ya safari kuanza. Lakini mambo hayo, kwa ugumu wake wote, hayaitii dhamiri majaribuni. Fedha ipo au haipo. Cheti ni cha kweli au ni cha kughushi. Kinachonishughulisha mimi ni ule waraka wa ukurasa mmoja au miwili ambao muombaji anatakiwa aeleze kwa nini anataka kusoma, na atafanya nini na elimu hiyo akishaipata. Sisi huuita barua ya nia.

Sijui ni nani aliyelipa jina hilo, lakini amelipatia. Tulivyofunzwa chuoni, mahala pa nia ni moyoni. Mtu hutia nia ya saumu usiku, hana shahidi wala muhuri. Hapa nia inaambiwa itoke nje, ivae nguo za Idi, ipange foleni na nia za watu wengine mamia, kisha mtu asiyemjua mwenyewe aipime kwa dakika chache.

Wapo wasemao kuwa vijana wetu hushindwa kuandika barua hizi kwa sababu utamaduni wetu haujui kujisifu. Hoja hii husemwa sana, nami naiona ya uvivu. Ni kweli kwamba mtunzi wa utenzi huanza kwa jina la Mola, na afikapo mwisho hujiita fakiri na kuomba asamehewe makosa yake. Lakini pwani hii hii ndiyo iliyomlea Fumo Liyongo, ambaye majigambo yake tungali tukiyasoma, na Muyaka wa Mombasa naye hakuwa mtu wa kuona haya. Kujisifu tunakujua sana. Ila mwenye kujigamba alijigamba mbele ya watu wanaomjua, wanaowajua mama yake na mashua yake, na akivuka mpaka alikuwepo mwenzake wa kumjibu kwa beti. Majibizano ndiyo yaliyokuwa mizani. Barua ya nia ni majigambo yanayosafiri peke yake, hayana wa kuyajibu.

Hata hivyo, sifa za kuzidisha zina madhara madogo. Ahadi ndiyo nzito. Ufadhili wa Chevening, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1983, unamtaka anayefadhiliwa arejee nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili, na ipo mingine yenye masharti ya namna hiyo. Papo hapo Ulaya hiyo hiyo inawataka vijana wenye elimu. Ujerumani ilianza tarehe 1 Machi 2020 kutumia sheria mpya ya uhamiaji wa wenye ujuzi, na mhitimu wa chuo kikuu chake anaweza kupewa hadi miezi 18 ya kukaa akitafuta kazi. Basi kijana anaulizwa mlangoni kama atarudi, na akishaingia ndani anaoneshwa kiti. Simlaumu anayekikalia kiti kile kabla ya kujiuliza ni nani aliyekitandika.

Sasa nieleze aibu yangu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita alinijia kijana mwengine, na barua kama hii, na neno lile lile mwishoni. Nilichukua kalamu nyekundu nikalifuta. Sikuishia hapo. Nilimwambia atie habari za skuli aliyokuwa akijitolea kufundisha, ambako watoto wa madarasa matatu walikuwa wakikaa chini sakafuni. Yeye hakuwa amelifikiri jambo hilo. "Watie watoto," nilimwambia, "wasomaji wataguswa." Waliguswa. Akapata nafasi na ufadhili, akaenda, akamaliza kwa heshima, akabaki. Ameoa huko na ana kazi nzuri. Mama yake amejengewa nyumba. Kila tukikutana njiani huniuliza, "Maalim, mwanangu hakukwambia atarudi lini?" Nami najua kuwa ile sentensi ya kurudi, iliyokatwa mkia wake, ni ya mkono wangu.

Je, alisema uongo? Siamini. Siku aliyoandika nia yake ilikuwa ya kweli; nilimuona usoni. Lakini Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, inamkataza mtu kusema kuwa jambo fulani atalifanya kesho bila ya kulifunga kwa matakwa ya Mungu. Najua kwamba siku hizi fundi akikwambia "kesho inshaallah," hujui kama umepewa miadi au umefukuzwa kwa adabu. Huo ni ubovu wetu, si wa neno. Asili yake ni kukiri kuwa kesho haimo mkononi mwako. Nilipolifuta sikuiongezea barua ile ukweli wowote. Nilimfanya kijana wa miaka ishirini na mitatu adai kumiliki asichokimiliki.

Ikiwa ni hivyo, hadaiwi? Anadaiwa. Tunachokosea ni kumtafuta mdai. Chuo kilitaka mwanafunzi, kikampata. Mfadhili ana mkataba wake, na akitaka ataushika. Lakini wale watoto wa sakafuni hawana mkataba, wala hawakuulizwa. Ufukara wao ulichukuliwa, ukaandikwa kwa Kiingereza kizuri, ukapelekwa ng'ambo, na mtu mwengine akalipwa kwao. Aliyemuazima yatima wa jirani akaenda naye kuomba sadaka hawezi kusema kuwa fedha alipewa yeye. Nyumba ya mama ni deni jengine, nalo amelilipa vyema, halilifuti hili. Na mimi niliyekuwa dalali wa biashara ile nimo.

Hapa ataondoka msomaji aniambie kuwa warejeao nao huketi vibarazani miaka na shahada zao, wakingoja ajira. Ni kweli, na ninaowajua si wachache. Ndiyo maana sisemi kuwa deni hulipwa kwa tiketi ya ndege. Pengine yeye akiwa huko anaweza kuwanunulia madawati kuliko akiwa hapa. Lakini hajawahi kuyanunua, na nadhani sababu ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa anadaiwa na wale. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Haya yote nilimweleza yule binti, bila ya kumtaja mtu. Alisikiliza, kisha akaufunua ukurasa wa pili. Alikuwa ameandika habari za wanawake maskini wa kijijini kwao wasiojua kusoma. Akaitazama sentensi ile kwa muda.

"Mama yangu anajua kusoma," akasema. "Tena yeye ndiye aliyenionesha kotonii inavyokufa."

Kwao ni upande wa Paje, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989. Maji ya kina kifupi yakizidi joto, kotonii hupauka vitawi, hulainika na kukatika, na wanawake wengi wamelazimika kupanda spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Akaifuta sentensi ya umaskini. Mahala pake akaandika alichooneshwa na mama yake, na anachotaka kukijua: kamba ifungwe kwenye kina gani cha maji ili kotonii iweze kuishi. Penye "nitarudi" akaandika "nakusudia kurudi."

"Na neno hili, Maalim?"

Nikamwambia mimi siligusi tena. Akaliacha.

Kabla ya kuituma barua alikwenda nayo kijijini, akamsomea mama yake yote kwa Kiswahili, wamekaa juu ya mkeka. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamsahihisha mahala pamoja tu. Binti alikuwa ameandika kuwa shamba lao lina kamba mia moja. Ni sitini, alisema mama. Akaandika sitini.