Treni ya Kitale Haikwenda Bungoma

Ubao wangu ni plaiwudi ya futi 8 kwa 4, na kwa sababu naishi bedsita hapa Kitale, mchana unasimama ukutani, usiku unalala juu ya kitanda mpaka nimalize kazi, ndipo nami nipate pa kulala. Ninajenga reli. Ndogo, ya kipimo cha 1 kwa 87. Wenzangu dukani, tunakouza vifaa vya ujenzi, wanadhani nimepata wazimu wa bei nafuu: waya, misumari, gundi, kokoto nilizozichekecha kwa chujio la chai. Mota niliitoa kwenye redio ya kaseti iliyokufa.

Yote yalianza na video za wazee wa Marekani wanaojenga milima ya Appalachia ndani ya nyumba zao. Migodi ya makaa ya mawe, madaraja ya mbao, mabehewa meusi yakipanda mlima taratibu. Kazi safi ajabu. Nilizitazama usiku mwingi hadi bando ikaisha. Halafu siku moja nikasoma kuhusu Blair Mountain, huko huko kwenye makaa, West Virginia, ambako mwaka 1921 maelfu ya wachimbaji walishika bunduki wakidai haki ya kuwa na chama chao. Nikarudi kwenye zile video kuutafuta mlima huo. Katika zote nilizoziona haukuwepo. Kulikuwa na mgodi, kulikuwa na treni, na mchimbaji mmoja amesimama mlangoni akipunga mkono.

Nikajiambia, yangu haitakuwa hivyo. Yangu itasema ukweli.

Ni rahisi kusema. Tawi la reli kutoka Leseru hadi Kitale, lililofunguliwa mwaka 1926, lina urefu wa kama kilomita 65. Kwa kipimo changu hizo ni karibu mita 750. Mlima Elgon nao, wenye mita 4,321, ungesimama zaidi ya mita 25 juu ya Kitale yangu, yaani ungetoboa paa la ploti na la jirani. Ubao wote unabeba kama mita 210 tu za dunia halisi. Kwa hiyo kila kilichopo nimekichagua, na kila kisichokuwepo nimekiondoa mimi mwenyewe kwa mkasi. Hakuna wa kumlaumu.

Kitu kimoja nilikataa kukikata, nacho ni umbo. Kitale na Bungoma ni majirani. Nikipanda matatu asubuhi napita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, na nafika Bungoma mapema tu. Reli haikuwahi kutuunganisha hivyo. Treni ya Kitale iliteremka kuelekea mashariki, ikapita Moi's Bridge, ikaungana na njia kuu pale Leseru, si mbali na Eldoret. Ukitaka kwenda Bungoma kwa reli, ilibidi kwanza uipe Bungoma mgongo, ufike Leseru, halafu ugeuke tena magharibi kupitia Turbo na Webuye. Haikujengwa ili mtu wa Bungoma amtembelee shangazi yake Kitale. Ilijengwa ili mahindi ya walowezi na pamba ya Uganda vifike Mombasa, na ili mahindi hayo yafike kwa bei nzuri, gharama ya kuyasafirisha ilishushwa makusudi. Kwenye ubao wangu reli ni herufi Y iliyolala ubavu, mguu ukielekea baharini. Huhitaji kibao cha maelezo. Mtoto anaweza kufuata kwa kidole na kuuliza, mbona wanazunguka hivi?

Ningeishia hapo ingekuwa poa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haijui kuishia.

Mwenye kujenga reli ndogo lazima achague mwaka, maana mwaka ndio unaoamua injini, nguo, hata majina. Ukichagua 1950, kibao cha stesheni kinaandikwa Broderick Falls. Ukichagua 1980, pale pale panaitwa Webuye. Moi's Bridge ilikuwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi. Tulimwondoa mlowezi tukamweka rais. Hilo nalo lina maneno yake, lakini si leo.

Injini zenyewe zina siasa. Enzi za East African Railways, injini kubwa za aina ya 59, zilizotengenezwa Manchester, zilipewa majina ya milima. Za aina ya 60 zikapewa majina ya magavana. Za aina ya 29 zikapewa majina ya makabila. Moja iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, namba 2921, nayo inaitwa Masai of Kenya. Hebu lifikirie kidogo. Gavana alipata injini kwa jina lake mwenyewe, kama mtu. Sisi tulipata kwa kabila zima, kama milima.

Nikachagua miaka ya 1930. Nilikuwa na sababu ya nyumbani. Baba yake Kuka (Kuka ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu) alikuwa skwota kwenye shamba la mlowezi huku Trans Nzoia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ardhi hii iligawiwa wazungu, wengine wakiwa wanajeshi waliomaliza vita, na watu wetu wakaja kuilima kwa ajili yao, kipande kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kuka mwenyewe baadaye aliajiriwa na reli Bungoma, kwenye gengi la kutunza njia: kukaza misumari, kubadilisha mataruma, kushindilia kokoto. Kwa hiyo baba alijaza gunia, na mwana akachunga reli iliyobeba gunia. Familia yangu yote iko kwenye ile Y.

Nikatengeneza watu kumi na wawili kwa waya na karatasi, kila mmoja sentimita 2. Wote wameinama. Kila mmoja nilimtia kipande shingoni, nukta ya rangi ya fedha niliyoiweka kwa ncha ya sindano. Nyapara nikampa kiboko. Karibu na Webuye nikainua vilima vya Chetambe, ambako mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya reli kuanza kujengwa kule Mombasa, Wabukusu walishambuliwa na Waingereza ngomeni mwao. Kila kitu mahali pake. Nilijiona mtu mkweli kuliko wazee wote wa Appalachia.

Desemba nikaukata ubao vipande viwili, nikaupeleka nyumbani Bungoma. Kondakta alinitoza nauli ya mizigo na kuniuliza kama ni jeneza la paka.

Kuka aliutazama muda mrefu. Aliinama, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Mataruma aliyasifu. Kona ya Webuye alisema nimeipinda kupita kiasi, treni ingeanguka. Kisha akagusa watu wangu mmoja mmoja kwa ukucha.

"Mjukuu wangu, hawa wote wanaumwa mgongo?"

Nikaeleza. Kipande, kiboko, ardhi. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesomewa habari ya kijiji kingine.

"Ni kweli," akasema. "Lakini baba alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka nyapara akacheka. Huyu wako simjui."

Sikulala vizuri usiku huo. Nilitaka kumtetea babu wa baba yangu, kumbe nilikuwa nimemfanyia kitu kinachofanana na kile alichofanyiwa. Kipande kilimwandika kama mkono wa kazi, nami nikamwandika kama mgongo wa kazi. Hata jina sikumpa. Nilimtumia, kwa nia njema, kuthibitisha hoja yangu.

Lakini upande wa pili sikuuachia kirahisi, na bado sijauachia. Nikimwinua, nikamtia tabasamu, nitakuwa nimetengeneza nini? Picha ile ile ambayo mlowezi angependa kuitundika sebuleni: shamba la kijani, treni, mfanyakazi mwenye furaha. Mchimbaji anayepunga mkono. Mtu anayecheka chini ya kiboko bado yuko chini ya kiboko, na anayemtazama kutoka mbali ataona kicheko tu. Kuka anaweza kukumbuka kicheko bila hatari kwa sababu anajua yaliyobaki. Mtazamaji wangu hajui.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliweka kwenye ubao kabisa. Wasengwer walikuwa wameiambia tume ya ardhi ya Carter, mapema miaka ya 1930, kwamba Trans Nzoia ilikuwa yao kabla ya walowezi. Mwaka niliouchagua mwenyewe! Na sisi leo tuna ekari mbili karibu na Kitale, zilizonunuliwa kihalali baada ya uhuru, na stakabadhi ipo. Kwenye ubao wangu ukoo wetu ulikuwa umenyang'anywa tu, haukuwa umepata chochote. Mkasi wangu ulijua vizuri sana mahali pa kupita.

Asubuhi nikamwambia Kuka haya yote. Alijibu kwamba yeye angependa tu mwaka 1968, alipokuwa na mshahara, viatu vipya, na taa yake ya mkononi. Nikamwuliza kama hiyo si kusahau. Akasema, "Wewe unataka kukumbuka ya baba yangu, na ya kwangu nikumbuke nani?"

Kukhu alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Na mimi mmeniweka wapi?"

Tukanyamaza sote wawili. Kumbe miaka ile Kukhu aliuza ndizi pale stesheni. Treni ikisimama, walikimbia kandokando ya mabehewa wakiinua beseni hadi madirishani, na ilibidi upokee pesa kabla ya kuachia chane, maana abiria wengine walingoja treni ing'oe nanga ndipo wachukue. Alijua mabehewa yenye wenye pesa na yenye wezi. Hakuwahi kuipanda treni hiyo hata mara moja.

Nimerudi Kitale na ubao wangu. Mwaka nimeuachia ugomvi: tawi la Kitale limebaki miaka ya 1930, na upande wa Bungoma ni 1968, jambo ambalo mtaalamu yeyote wa reli ndogo angelicheka. Vipande bado viko shingoni. Nyapara bado ana kiboko. Ila mtu mmoja nimemnyoosha mgongo na kumgeuza amtazame mwenzake, kichwa nyuma, mdomo wazi, na chini yake, upande wa chini wa plaiwudi, nimeandika jina lake kwa penseli. Kusini ya Kitale nimeacha kipande cha ardhi kitupu, bila nyasi wala rangi, mbao inaonekana. Wageni huuliza kama sijamaliza, nami huwaeleza habari ya tume ile, hata kama walikuja kunywa chai tu.

Ile mota ya redio hupata joto upesi. Treni ikifika Bungoma lazima izimwe dakika tatu hivi. Nilimpigia Kukhu simu kumwambia. Akasema dakika tatu zinatosha kuuza chane tano, kama watu wana pesa ndogo ndogo.