Umerudi na Nini?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Likizo iliyopita, hapa Uganda, nilimtembelea dada wa mtaani kwetu aliyerudi kutoka Ghuba. Wakala alimwahidi kazi ya hoteli. Alipofika akanyang'anywa pasipoti, akatumikishwa ndani ya nyumba usiku na mchana bila mshahara. Nami nikamuuliza swali analoulizwa na kila jirani: "Umerudi na nini?" Akainamisha kichwa.

Kosa la waliomtenda hivyo tunalijua. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 imepiga marufuku usafirishaji haramu wa watu. Na katika hadithi qudsi iliyomo katika Sahihi Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemtumikisha mtu asimpe ujira wake. Lakini sisi majirani, je?

Abu Daud amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kisa cha mtu katika Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) naye alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na kitambaa na bakuli tu. Mtume akavinadi kwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha familia, ya pili ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni auze. Baada ya siku 15 mtu yule alikuwa na dirhamu 10.

Swali ni lile lile. Mimi niliuliza ili nipime; Mtume aliuliza ili apate pa kuanzia.

Jumuiya yetu imezoea dirhamu ya kwanza: unga, sukari, sabuni. Ni sadaka njema, lakini huisha. Dirhamu ya pili ni ada ya mafunzo, cherehani, na mtu wa kumlelea mtoto wakati mama anajifunza.

Nilirudi kumwomba radhi, nikamshauri asomee mapishi, kwa kuwa anapika vizuri. Akanikatiza: "Kaka, jiko la kulazimishwa limenitosha. Nataka kushona. Na msije kunipiga picha."

Nimejifunza: shoka achague mwenyewe, sisi tutie mpini. Ijumaa hii baada ya swala tutachanga. Tafadhali usije na unga peke yake.

Mwenyezi Mungu atukubalie. Amin.