Pai ya Matufaha na Neno "Mwenyewe"

Mtu apikapo chakula nyumbani kwake, asinunue kilichokwisha kutengenezwa, hupenda kusema: "Nimekipika mwenyewe tangu mwanzo." Twawaomba walimu wenzetu tulipime neno hilo "mwenyewe". Je, ni neno la kweli, au ni majivuno matupu?

Tuchukue mfano wa pai ya matufaha ipikwayo katika nyumba moja mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Mpishi huchanganya unga wa ngano na siagi, akatia chumvi na maji baridi kidogo, akakanda kwa hadhari ili donge lisiwe gumu. Donge likiisha kupumzika, humenya matufaha, akayakata vipande, akayatia sukari na mdalasini. Asipokuwa na tanuri, huteleka sufuria juu ya jiko la makaa na kupalia moto juu ya kifuniko, kama wafanyavyo watu wa pwani kwa mkate wa kumimina. Kazi hiyo ni yake. Hapana wa kumnyang'anya.

Lakini mwanzo u wapi? Ngano nyingi iliwayo Rwanda huagizwa kutoka nchi za nje. Matufaha yauzwayo katika miji ya Afrika Mashariki mengi hutoka Afrika Kusini, na asili ya mtufaha ni milima ya Asia ya Kati. Tufaha la kijani liitwalo Granny Smith lilianzia Australia katika karne ya 19, shambani mwa bibi mmoja, Maria Ann Smith. Na kwa kuwa mbegu ya tufaha haizai tunda lililo sawa na la mamaye, kila mti wa aina hiyo umetokana na kijiti kilichopandikizwa, mkono hata mkono. Hata jina "tufaha" tulilipokea kwa Waarabu.

Basi wako wasemao: ikiwa hakuna mwanzo ulio wetu, hakuna pai iliyo yetu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini yapita mpaka. Pai ikiungua, hatumwendei mkulima wa ngano kumlaumu. Twamwendea aliyekaa jikoni. Naye astahiliye lawama kazi ikiharibika ndiye astahiliye sifa kazi ikifaa. "Mwenyewe", basi, laweza kuwa na maana mbili. Likimaanisha "bila ya mtu mwingine", ni uongo. Likimaanisha "mimi ndimi wa kuulizwa", ni kweli, tena ni ahadi.

Jambo hili si la jikoni tu. Kiswahili kilifika Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari wa zama za utawala wa Wajerumani, uliokwisha mwaka 1916. Huko Gisenyi kikakuzwa na soko na mpaka wa Goma, na mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, wako wanaomwambia mwanafunzi wa huko kwamba Kiswahili chake ni cha kuazima. Ni cha nani kisicho cha kuazima? Watu wa pwani nao walipokea "kitabu" kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno na "gari" kwa Wahindi.

Wala mwanafunzi asijifiche nyuma ya hoja hii. Sentensi isiyo na upatanisho yahitaji kusahihishwa, kama donge lisilokandika lihitajivyo kukandwa tena. Mwalimu ausahihishe upishi, asiudharau unga.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Twaona kwamba kuishika asili ni pamoja na kuwakumbuka wale tuliopokea kwao, hata waliokuwa mbali nasi. Tungependa walimu wawape wanafunzi swali hili la insha: "Ni kitu gani nilichokifanya mwenyewe, na ni nani walionisaidia?" Majibu yatatufundisha sisi pia.